Nyumba Mpya Nayo Ina Mvua Yake

Mama aliniamsha saa kumi za usiku. "Amka uangalie," akasema, "ndani kunanyesha, na nje hakuna mvua."

Nilifikiri anaota. Mama yangu aliishi chini ya shitingi zaidi ya miaka ishirini, na mtu wa hivyo masikio yake hayalali: akisikia tone moja anaamka kutafuta sufuria. Nikawasha tochi ya simu. Kweli, godoro la mtoto wa dada lilikuwa na madoa ya maji, na juu, chini ya bati, matone yamepangana kama shanga. Nikafungua mlango. Nje mbingu safi, nyota tele, taa za viwanda vya Zoni zinawaka kule ng'ambo. Ardhi kavu. Ile mvua ilikuwa ya kwetu peke yetu.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2024, mwezi wa tatu tukiwa hapa Masoro, ndani ya nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kulala kabla yetu.

Nataka kuandika juu ya nyumba hiyo. Si kwamba ni mbaya kuliko za wengine. Najua ndugu wengi wanaosoma hapa wanalala pabaya zaidi. Naandika kwa sababu ilinichukua miezi kufungua mdomo na kusema nyumba ina kasoro, na huko kuchelewa nusura kutuue.

Mimi nilizaliwa Gihembe, kule juu Gicumbi, kwenye kambi ambayo wazazi wetu waliotoka Masisi waliwekwa mwaka 1997. Mliokulia kule mnajua: ukungu wa asubuhi, baridi ya Byumba inayoingia mpaka kwenye meno, kuta za udongo, paa la shitingi lililoshikwa na mawe lisiruke. Na mnajua makorongo. Mvua ilikuwa inakula mlima kila mwaka, korongo linasogea, leo liko nyuma ya choo cha jirani, kesho choo hakipo. Mwisho mwaka 2021 kambi ikafungwa kwa sababu hiyo hiyo, ardhi yenyewe ilikuwa inaondoka, tukapelekwa Mahama, wilaya ya Kirehe. Mahama tukakuta nyumba za matofali ya udongo na mabati. Watu wa Gihembe tulikuwa tunapiga bati kwa ngumi kusikia mlio wake, tunacheka.

Baadaye dada akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo ndani ya Zoni, huku Masoro. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nikapata kazi ya kusimamia vijana wakimbizi wa Kigali: mafunzo ya Jumamosi, michezo, kuwasindikiza wanaotafuta shule. Malipo yake si mshahara wa kujivunia, lakini yanakuja. Tukahesabu, tukahesabu tena. Mjini hakuna pesa ya chakula ya kila mwezi kama kambini, unajitegemea. Agosti 2024 tukamleta Mama na mtoto.

Wasioijua Masoro, iko sekta ya Ndera, wilaya ya Gasabo, upande ambao mji unaishia na viwanda vinaanzia. Volkswagen walianza kuunganisha magari hapa mwaka 2018. Viwanda vinaleta wafanyakazi, wafanyakazi wanataka vyumba, basi kila mwenye kiwanja anajenga. Ukipanda kilima kuelekea chuo kikuu cha Waadventista unaona udongo mwekundu umekatwa kila mahali kama keki, na juu ya kila kipande kuna nyumba inayoota.

Yetu ilikuwa na vyumba viwili na saluni, jiko la nje, rangi ya maziwa ukutani, bati la buluu. Faranga 80,000 kwa mwezi, miezi mitatu unatanguliza. Mwenye nyumba, sisi tunamwita Tantine, anaishi kwenye aneksi nyuma, chumba kimoja. Siku ya kuingia Mama alipitisha kiganja ukutani taratibu kama mtu anayepapasa ng'ombe kabla ya kumnunua. Kisha akagonga. "Hii upepo haiibebi," akasema. Tukapiga picha. Picha zikaenda Mahama, zikaenda kwa mama mdogo huko Marekani, zikarudi na maneno mengi ya kumshukuru Mungu.

Ilikuwa kiangazi. Sasa najua kwamba nyumba ikioneshwa kiangazi, inajulikana wakati wa mvua.

Kitu cha kwanza kilikuwa joto. Nyumba haikuwa na dari. Ukiangalia juu unaona mbao na bati tupu. Saa saba mchana mafuta ya kupaka ya Mama yalikuwa maji ndani ya kopo. Tukasema sawa, jua ni jua. Halafu usiku ikawa kinyume. Kigali iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mvua joto linashuka mpaka nyuzi 15 au 16. Si baridi ya Byumba, hapana. Lakini bati jembamba halina siri: mchana linachukua jua lote na kukumwagia kichwani, usiku linatoa joto lote la nyumba na kulitupa angani. Ukilala unalisikia likijikunja, ta! ta! ta!, kama mtu anatembea juu.

Septemba umuhindo ukaanza, na kasoro zikatoka moja moja, kama wageni wanaopishana mlangoni. Rangi ya chini ya ukuta ikavimba mpaka usawa wa goti, ukiigusa inamwagika unga mweupe kama chumvi. Mlango wa chumba cha dada ukaanza kukwama. Kwenye kona ya dirisha la saluni ukatokea ufa mwembamba kama unywele, unashuka kwa mshazari. Kufikia Novemba sarafu ilikuwa inaingia ubavu.

Na ile mvua ya ndani. Nilikuja kuielewa baadaye. Watu wanne tunapumua usiku kucha, nguo za mtoto zimeanikwa saluni kwa sababu nje kunanyesha, Mama amechemsha maji ya chai jioni. Unyevu wote huo unapanda juu, unakutana na bati la baridi, unageuka maji. Ni kama kifuniko cha sufuria. Tulikuwa tunaishi ndani ya sufuria.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapo ng'ambo, ndani ya Zoni, Desemba 2023 walizindua kiwanda cha BioNTech cha kutengeneza chanjo, kilichojengwa kwa kontena zilizoletwa kutoka Ulaya. Ndani ya kontena zile joto na hewa vinapimwa na kutunzwa. Yaani kutoka mlangoni kwetu naona paa la watu wanaojua kabisa namna ya kuzuia joto na unyevu. Elimu ipo. Sisi haikutufikia tu.

Mbona hatukusema? Hapo ndipo penye maneno yangu.

Siku niliyotaka kwenda kwa Tantine, Mama alinishika mkono. "Usiende. Atasema wakimbizi hawatosheki. Jana walikuwa kwenye shitingi, leo wanalalamikia rangi." Nikarudi nikakaa. Sikumwona Mama kuwa mjinga, kwa sababu maneno yake yalikuwa tayari ndani yangu. Sisi tuliokulia kambini tulifundishwa neno moja kwa kila lugha: asante, murakoze, merci. Ukipewa blanketi lenye tundu, asante. Ukipewa maharage yenye wadudu, asante, unachambua. Ukishazoea hivyo, hata kitu ambacho unakilipia mwenyewe, kwa jasho la dada anayesimama kwenye mashine usiku mzima, unakipokea kama msaada. Na msaada haulalamikiwi.

Halafu kulikuwa na zile picha. Ungemwandikiaje mama mdogo Marekani kwamba ile nyumba aliyoilia kwa furaha inatunyeshea?

Aibu kubwa kuliko zote ilikuwa Jumamosi. Nasimama mbele ya vijana thelathini nawaambia: mwenye shida aseme, mkinyamaza hakuna atakayejua, kusema si utovu wa adabu. Wananisikiliza. Jioni narudi nyumbani, napanga masufuria chini ya matone, nalala.

Mwisho wa Novemba mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Mtoto alikuwa anakohoa. Dada alikuwa zamu ya usiku. Nguo hazikauki, godoro lina harufu. Mama akasema leo mtoto hatalala kwenye baridi hii. Juu ya madirisha kulikuwa na matundu ya hewa, yale yanayoachwa ukutani, na upepo ulikuwa unaingilia pale. Mimi ndiye niliyepanda kiti. Mimi ndiye niliyeziba matundu yote kwa matambara na katoni, moja baada ya jingine, na nilikuwa najisikia mwanaume wa nyumba. Kisha tukaingiza mbabula ndani. Makala yalikuwa yameiva vizuri, mekundu, hayana moshi hata kidogo. Tukadhani yasiyo na moshi hayana ubaya. Nyumba ikapata joto, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Mama alicheka, akasema sasa ndiyo nyumba.

Dada alirudi saa kumi na moja alfajiri. Anasema aligonga, akagonga, hakuna jibu. Akazunguka kwenye dirisha la saluni, akavunja kioo kwa jiwe. Mimi nakumbuka kelele tu, na kichwa kinapasuka, na miguu haitaki kunibeba. Mama alikuwa anatapika. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa.

Moto mbili zikatubeba mpaka kituo cha afya. Mtoto na Mama wakawekewa oksijeni. Mungu ni mwema, wote tulipona. Muuguzi, msichana wa umri wangu, alinieleza bila kunigombeza. Makala yanayowaka mahali pasipo na hewa yanatoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inaingia kwenye damu na kukaa kiti cha oksijeni, na oksijeni ikija inakuta kiti kimekaliwa. Unasinzia, unafikiri ni joto zuri.

Kisha akamgeukia Mama. "Mama, kwa nini mliingiza mbabula ndani?"

"Baridi, mwanangu."

"Nyumba yenu ni ya namna gani?"

Mama akanyamaza kidogo. "Mpya," akasema.

Jumamosi iliyofuata sikufundisha somo nililopanga. Nikawasimulia vijana, nikianza na kiti nilichopanda. Walinyamaza kabisa. Halafu mkono mmoja ukainuka nyuma, kijana anayesoma ujenzi kwenye shule ya ufundi, mtu asiyeongea kabisa. "Kaka, naweza kuja kuiona?"

Alikuja Jumapili na vitu vitatu mfukoni: msumari, chupa ya maji na gololi. Gololi akaiweka sakafuni katikati ya saluni. Haikukaa hata sekunde. Ikaenda moja kwa moja mpaka ukuta wa upande wa bondeni. Msumari akakwaruza ukutani, lipu ikashuka kama unga wa muhogo. Mchanga mwingi, simenti kidogo, akasema, na kidogo hicho nacho hakikunywa maji. Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukijua: simenti haikauki kama matope, simenti inashika kwa maji. Ukishajenga unatakiwa kuumwagilia ukuta angalau siku saba, na nguvu yake wanaihesabu ikifika siku 28. Fundi mwenye haraka humwagilii. Anapaka rangi.

Tukatoka nje. Akasimama chini bondeni akaitazama nyumba kwa muda mrefu. Kiwanja kiko kwenye mteremko. Walikata upande wa juu, udongo uliokatwa wakausukuma upande wa chini, wakasawazisha. Kwa hiyo nusu ya nyumba imekaa juu ya mlima wenyewe na nusu imekaa juu ya udongo wa kumwagwa. Udongo wa kumwagwa unatakiwa kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka kama shubiri moja. Ukimwagwa wote mara moja unaendelea kushuka miaka. "Ufa wenu hauko pale kwa bahati mbaya," akasema. "Uko kwenye mshono."

Halafu paa. Hakukuwa na mifereji ya kukinga maji, kila kitu kinamwagika mguuni mwa ukuta. Akafanya hesabu kwa kidole kwenye vumbi: mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina kama mita za mraba 50. Mvua nzuri ya milimita 20 ni lita 1,000, mapipa matano, yote yanaingia chini ya msingi ambao tayari umekaa kwenye udongo laini.

"Na huu unyevu unaopanda ukutani?" nikauliza.

"Kati ya msingi na ukuta walitakiwa walaze plastiki, maji yasipande. Hata shitingi nzito inafaa."

Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo, anatusikiliza. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. "Shitingi! Miaka yote ile ilikuwa juu yetu tunaichukia. Leo ilitakiwa iwe chini, na haipo!"

Kisha akatueleza juu ya nyumba ya baba yake kule Masisi. Ukuta wa udongo mnene kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, paa la nyasi. Ng'ombe wanapumua upande wa pili. Mchana unaingia kunapoa, usiku kuna joto, na hakuna mtu aliyeziba kitu. Yule kijana akatikisa kichwa kwa heshima. Udongo mnene unachelewa kupokea joto na unachelewa kulitoa, akasema, na nyasi zimejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi. Mama alimtazama kama mtu aliyepewa cheti baada ya miaka hamsini.

Usiku huo nilikumbuka Urukumbuzi, kule Kinyinya, wilaya yetu hii hii ya Gasabo. Mwaka 2023 baadhi ya nyumba za mtaa ule zilianguka, nchi nzima ikazungumza, suala likafika kwa wapelelezi. Waliokuwa wamenunua pale ni watu wenye kazi na vitambulisho vya taifa. Hakuna aliyewaambia hawatosheki. Ukuta haujui hadhi ya mtu aliyelala ndani yake. Ukijengwa vibaya, unapasuka kwa wote.

Nikachukua daftari. Nikaandika tarehe, kasoro, chumba, na picha kwa kila moja. Si barua ya kulia, orodha. Nilikuwa nimejiambia Tantine akikataa nitakwenda kwa mkuu wa isibo, na ikibidi kwa abunzi wa akagari. Niliogopa hata kuyaandika maneno hayo, lakini niliyaandika.

Jumatatu jioni nikagonga aneksi. "Tantine, samahani kwa kukusumbua," nikaanza, halafu nikajisahihisha mwenyewe: "Tantine, nimekuja kwa habari ya nyumba." Akasoma orodha yote, ukurasa wa kwanza na wa pili. Hakusema kitu. Akasimama, akavuta pazia la kitanda chake. Nyuma yake kulikuwa na ufa mpana kuliko wetu. Kando ya mto kulikuwa na beseni, na ndani ya beseni maji.

"Nilijua," akasema. "Nilidhani mkijua mtahama, na nina deni la benki."

Fundi mkuu alimwandikia mifuko ya simenti mia moja. Yeye anafikiri sitini ndiyo iliyoingia ukutani. Simu ya fundi haipatikani tangu Julai. Alikuwa amenyamaza kama sisi, upande wa pili wa ukuta huo huo, na beseni lake. Nilitaka kumwonea huruma, na nilimwonea. Lakini nilikumbuka mtoto amelegea, nikamwambia hayo pia, yote, pamoja na oksijeni. Akashika kichwa. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu vizuri: "Kwa nini hamkuniambia Septemba?"

Usifikiri mambo yalilainika hapo hapo. Kodi hakutaka kupunguza. Alisema hana hela, na ni kweli hakuwa nazo. Tulirudi mara tatu. Mwisho tukakubaliana hivi: kodi ya mwezi na nusu, faranga 120,000, itanunua vifaa, risiti zote anapewa yeye, kazi watafanya yule kijana na wenzake wawili, na chakula cha mchana kinatoka kwa Tantine. Tukaandika karatasi, tukasaini wote wawili, mkuu wa isibo akawa shahidi. Mama hakuamini mpaka alipoishika ile karatasi. Hajui kusoma vizuri, lakini aliihesabu saini.

Walianza na maji, kwa sababu kijana alisema ukitibu ufa kabla ya maji unatibu kidonda ndani ya mto. Wakafunga mifereji kwenye paa, bomba linashuka kwenye pipa, na pipa likijaa linamwaga kwenye mtaro wa mawe unaopeleka maji mbali na nyumba. Ile rangi iliyovimba wakaikwangua, wakaacha ukuta ukauke wiki tatu, wakapaka chokaa badala ya rangi ya mafuta, maana chokaa inaacha ukuta upumue. Dari ya mbao hatukuiweza. Tukanunua mikeka ya mafunjo, ikafungwa chini ya mbao za paa, ikaacha nafasi ya hewa kati yake na bati, na juu kwenye pembe za kuta mbili wakatoboa matundu yenye wavu ili joto la mchana lipate pa kutokea. Matundu ya madirisha niliyazibua mwenyewe, kwa kiti kile kile.

Ufa hawakuuziba. Kijana alipaka juu yake ukanda mwembamba wa plasta, kama bandeji, akaandika tarehe kwa penseli. Mwisho wa ufa akaweka alama nyingine. "Ukanda ukikatika au ufa ukipita alama," akamwambia Mama, "nyumba bado inatembea. Bibi, wewe ndiwe mlinzi."

Sasa mchana wa jua mafuta ya Mama yanabaki mafuta. Usiku hakuna matone. Si kwamba tumepona kila kitu: chumba cha dada bado kina harufu ya unyevu, panya wameipenda mikeka, na mshumaa hatuuwashi karibu na ukuta kwa sababu mafunjo yanashika moto upesi. Udongo wa kumwagwa uko pale pale chini yetu, na hakuna risiti inayoweza kuushindilia leo.

Ndugu unayetafuta nyumba, usiende mchana wa kiangazi tu. Rudi siku ya mvua. Beba gololi na msumari, watu wakicheka waache wacheke. Angalia juu kama kuna dari, angalia maji ya paa yanaangukia wapi, angalia nyumba imekaa juu ya mlima au juu ya kilichomwagwa. Uliza kama jirani wa karibu ana ufa. Na baridi ikikuzidi, jifunike, vaa soksi mbili, bananeni. Lakini mbabula usiiingize ndani, na tundu la hewa usilizibe. Na ukiona kasoro, sema wiki hiyo hiyo. Kusema "asante" na kusema "hapa pamepasuka" vinaweza kutoka kwenye mdomo mmoja.

Kikundi cha Jumamosi bado nakifundisha. Siwaambii tena kwamba kusema ni rahisi.

Aprili hii, katikati ya itumba, nilirudi kazini nikakuta Mama amevaa kitenge chake cha kanisani, siku ya Jumatano. Nikauliza kuna nini. Akanionesha ukuta. Ukanda wa plasta ulikuwa umekatika katikati, na ufa umepita alama ya penseli kwa upana wa kidole. Nikaanza kutafuta daftari, nikisema nitakwenda jioni, nipange maneno kwanza.

"Kaa," Mama akasema. "Mimi nimeshatoka huko. Nimemwambia Tantine ukuta umetembea. Anakuja na fundi Ijumaa."